Pleya ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hana simu ya kuperuzi na wala haitaki. Chake ni pleya, kidude kizito cha chuma chenye diski ndani, aliyoletewa na shemeji kutoka Maskati enzi zile vijana walipokuwa wakining'iniza nyaya masikioni hata msibani. Taarabu yake yote imo humo. Akishaswali alfajiri hukivaa shingoni katika kifuko cha kanga alichokishona mwenyewe, kisha anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi, anachambua mchele, anateta na jirani juu ya ukuta, na Shakila anaimba tu. Chaji ya usiku mmoja ilimfikisha isha bila wasiwasi.

Aliyeharibu mambo ni mwanawe. Baba Zuhura ni mtaalamu wa sauti kwa kujiteua. Atakwambia, hujamuuliza, kwamba sidi hubeba kilobiti 1,411 kila sekunde, na kwamba emupithrii ya 128 imebakiza chini ya sehemu moja katika kumi ya hizo. Siku alipogundua kuwa mzazi wake anasikiliza emupithrii za 128, chakula hakikumshuka.

"Mama, hayo unayosikiliza ni makapi!"

"Makapi yangu, mwanangu. Niachie."

Hakumwachia. Alitoa sidi zote kabatini, akaanza kuzinakili kwa FLAC, ule mfumo aliouanzisha Josh Coalson mwaka 2000 na kutoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2001, wa bure kwa kila mtu. FLAC hufinya faili bila kutupa kitu. Ukiifumua unapata sidi yako ileile, namba kwa namba, na faili imepungua hadi nusu au zaidi kidogo. Hapo sikuwa na neno. Kwa kuwa pleya yenyewe haikuijua FLAC, aliiwekea Rockbox, programu ya bure iliyozaliwa mwaka 2001 kwa ajili ya pleya za Archos na baadaye ikahamia kwenye nyingi nyingine. Rockbox inaweza kusoma menyu kwa sauti, jambo la maana sana kwa wasioona, naye akaona itamfaa mama yake ambaye miwani hupotea kila siku. Kilichotokea ni kwamba alfajiri, nyumba ikiwa kimya, pleya ilianza kumsemesha bibi wa watu kwa Kiingereza. Tulimkuta amesimama mlangoni na msahafu mkononi. Sauti iliondolewa kabla ya chai.

Kisha akahamia kwenye kanda. Mama ana kaseti za Black Star, kundi lake la hapahapa Tanga, amezilinda tangu ujana. Mume wangu alizirekodi kwenye kompyuta kwa biti 24 na kilohezi 96, viwango vya studio. Sebule ilifungwa. Feni ilizimwa isije ikaingia kwenye rekodi, na joto la Tanga tunalijua. Watoto walipigwa marufuku kupiga chafya.

Betri ndiyo iliyotoa taarifa ya kwanza. Pleya iliyokuwa ikifika isha ikaanza kuzima adhuhuri, na ikikutana na rekodi za kanda ikazima kabla nazi haijachujwa. Mama alimshuku Mwanaisha, dada wa kazi, kwamba anaisikiliza usiku. Mwanaisha alilia, akaapa kwa mikono miwili kwamba yeye ni mtu wa singeli. Nikamshuku fundi wa chaja. Baba Zuhura akasema betri imezeeka, akanunua nyingine, nayo ikazima adhuhuri ileile. Soketi moja ya sebuleni ikawa mali ya pleya mchana kutwa. Pasi ikahamia jikoni, jagi la umeme likahamia chumbani kwetu, na mimi nikaenda harusini na gauni lenye mikunjo.

Zuhura alirudi likizo katikati ya vita hivyo. Bibi yake, kwa utani wao, alimwita pembeni: "Mke mwenzangu, hebu nitazamie hiki. Baba yako amekiroga." Mtoto hakufungua hata kompyuta. Aliiweka pleya kiganjani, akafumba macho. Akaniita nami nishike. Ulisikika mtikisiko mdogo ndani, vuuu, kisha tiki, kisha kimya. Kabla hujasema jambo, vuuu tena. Ilikuwa diski inaamka.

Akatueleza tukiwa tunamenya vitunguu. Diski ni kisima, kumbukumbu ya pleya ni ndoo. Pleya huchota ndoo nzima, inaizima diski, inakunywa taratibu, ikimaliza inaamsha diski ichote tena. Kuizungusha diski ndiko kunakokula betri. iPod ya kwanza ya mwaka 2001, yenye diski ya gigabaiti 5, ilipewa kumbukumbu ya megabaiti 32 kwa sababu hiyohiyo, na kampuni ikaahidi saa 10. Ya Mama nayo ina 32. Emupithrii ya 128 hula kama megabaiti 1 kwa dakika, basi diski hulala karibu nusu saa. FLAC ya sidi hula 5 au 6, diski inalala dakika tano hivi. Za kanda zinapita 20 kwa dakika. Diski hailali tena.

"Lakini FLAC inafinya!" alilalamika baba yake.

"Inafinya kinachotabirika, Baba." FLAC hukisia kipande kinachofuata cha sauti kutokana na vilivyotangulia, halafu inaandika kosa la makisio tu. Fidla inakisika. Ule mshhh wa kaseti haukisiki hata kidogo, kwa hiyo unaandikwa karibu wote. Mume wangu alikuwa amehifadhi mshhh wa miaka arobaini kwa uaminifu ambao ndoa nyingi hazijauona. Na kilohezi 96 ni za kunasa sauti mpaka kilohezi 48, wakati kaseti ya kawaida haifiki hata nusu ya hapo na sikio la binadamu hukomea kama 20, tena la kijana.

Alijaribu kujitetea kwamba FLAC inamchosha prosesa, afinye upya kwa ngazi ya 8. Hapo binti yake alicheka. Kufumua FLAC ni kujumlisha na kuzidisha namba nzima. Ni kazi nyepesi kuliko emupithrii, na ngazi ya 0 au ya 8 hufumuliwa karibu sawa. Zilizomtoa jasho prosesa ni zile faili chache za Monkey's Audio alizozipata kwa rafiki, ambazo kuzifumua ni kazi sawa na kuzifinya. Mama aliposikia jina la nyani akaomba zitolewe leo hii.

Nilidhani hukumu imepita: FLAC zikae kwenye diski kubwa kabatini, Mama arudishiwe emupithrii. Ndivyo ninavyoona mimi hadi sasa. Lakini Zuhura alitamka pia kwamba kwenye kadi ya kumbukumbu hakuna kinachozunguka, kwa hiyo ukubwa wa faili hauumizi betri kiasi hicho, na kwamba kuna adapta za kuweka kadi mahali pa diski. Asingelisema. Baba yake aliagiza adapta usiku uleule, na Ijumaa, wali wa nazi ukiwa tayari mezani, akaifungua pleya pembeni ya sinia kwa bisibisi ya miwani.

Kadi imeingia na taarabu inapiga. Skrubu moja haijaonekana. Mama, ambaye meno yake ya mbele ni ya bandia, ametangaza kwamba hagusi wali mpaka aliyeipoteza aupekue wote, punje kwa punje, naye amekaa kitako kumsimamia.