Sifa za Kadi ya Sauti Isiyotoa Sauti

Kati ya vyote vinavyoweza kuingizwa ndani ya kompyuta kongwe, hakuna chenye staha kama kadi mpya ya sauti. RAM ukiipachika, kwa kawaida ama inafanya kazi ama kompyuta haiwaki kabisa. Diski ikikaribia kufa hukwaruza na kugonga mpaka jirani anauliza kulikoni. Kadi ya sauti imekazwa skrubu, waya umechomekwa, taa ya spika inawaka, na yenyewe kimya. Katika mji ambao baa ina spika, kinyozi ana spika, na muuza dawa ya panya ana spika yenye maneno yaleyale tangu alfajiri, mtu aliyetoa fedha zake akapelekewa kimya mpaka sebuleni amefanya biashara nzuri.

Wanaoitukana hawaijui nasaba yake. IBM PC ya 1981 ilikuwa na kispika cha kulia “bip” na basi. Kisha ikaja kadi ya AdLib, 1987, kutoka Québec nchini Kanada, na mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikatoa Sound Blaster. Ukoo huu haujawahi kuingia nyumba ya mtu bila kudai mahari. Sound Blaster za mwanzo zilimtaka mwenye kompyuta azipangie mwenyewe anwani, DMA na IRQ, yaani namba ambayo kifaa hutumia kuiomba prosesa iache shughuli zake ikisikilize. Upangaji wenyewe ulikuwa wa kuhamisha vijipande vya plastiki kwenye pini, vidogo kuliko punje ya mchele, na kimoja kikidondoka kwenye zulia ndiyo kwaheri. Sound Blaster ilitoka kiwandani ikiwa imewekwa IRQ 7, na IRQ 7 ndiyo iliyokuwa ya tundu la printa. Hivyo mtu aliyekuwa akichapa barua ya kuomba kazi alijikuta msuluhishi kati ya printa na mchezo wa risasi. Wapo wakongwe waliosahau tarehe ya harusi yao, lakini A220 I7 D1, yaani anwani, IRQ na DMA ya kadi yao, wanaitamka bila kupepesa macho.

Windows 95 ikaja na ahadi kwamba ukichomeka tu, kifaa kitajitambulisha chenyewe. Wengi walichomeka, kisha wakasali.

Leo tuchukue kompyuta ya mtumba, Pentium 4 yenye Windows XP, iliyostaafishwa na ofisi fulani ng'ambo ikaja kumalizia umri wake kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue. Mashine kama hiyo kwa kawaida ina sauti yake kwenye mazabodi, ya mtindo wa AC'97 uliotolewa na Intel mwaka 1997. Kuipelekea kadi mpya ya PCI ni kuoa mke wa pili bila kumwarifu wa kwanza. Windows, ambayo ndiyo baba wa nyumba, inaendelea kumpelekea bi mkubwa matumizi yote, na bi mdogo anakaa chumbani na nguo zake mpya, hakuna anayemgongea mlango. Wakati mwingine inatosha kwenda kwenye mipangilio ya sauti na kumtaja yeye. Wakati mwingine bi mkubwa hatoki mpaka apewe talaka, na talaka hiyo hutolewa kwenye BIOS, kwa kubonyeza Delete au F2 kabla Windows haijaamka. Niambie ni kifaa gani kingine cha bei hiyo kingemfikisha karani wa stoo mpaka ndani ya BIOS.

Au tuseme fadhila yake kubwa zaidi, ukweli. Fungua orodha ya vifaa utazame. Windows itakuandikia kwa ujasiri kwamba kifaa hiki kinafanya kazi ipasavyo. Kadi haijasema hivyo. Kadi haijasema neno lolote.

Tena ni kadi inayopenda usafi. Ili kuihamishia sloti nyingine (na inafaa kuihamisha, kwa maana sloti mbili zinaweza kugawana IRQ moja na zisielewane), lazima kasha lifunguliwe. Likifunguliwa, vumbi la miaka linapulizwa, mende mkavu anapata maziko, na skrubu iliyopotea enzi za mwenye mashine wa kwanza inarudi duniani. Meno ya dhahabu ya kadi yanasuguliwa kwa raba ya mwanafunzi, taratibu, baada ya umeme kuchomolewa na kiganja kugusa chuma cha kasha. Feni, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, inapona.

Na hukusanya watu. Anaitwa fundi, anasema, “Bosi, zima uwashe.” Inazimwa, inawashwa. Shemeji anasema tatizo ni draiva, naye shemeji kwa mara moja yuko sahihi: CD iliyokuja ndani ya boksi ina draiva za Windows nyingine, na ya zamani haikuondolewa kabla ya mpya kuingia. Mtoto wa darasa la nne anauliza kwa nini waya wa spika uko kwenye tundu la waridi wakati la kijani liko wazi. Mtoto anaambiwa akalale. Waya unahamishwa akishalala, maana waridi ni la maikrofoni na kijani ndilo la spika, na hilo watu wazima walipaswa kulijua.

Kisha, bila kutangaza, inalia. Sauti ya Windows XP ikiamka inajaza chumba na wote wanapiga makofi. Hapo ndipo sifa zangu zinapokomea, kwa sababu kadi inayolia ni kelele nyingine tu mtaani, wala hakuna atakayefungua tena lile kasha kuitazama. Na hizi za USB, unazochomeka ubavuni zikaimba papo hapo bila BIOS, bila raba, bila shemeji, sina la kuzisifia. Kama ndizo unazozitaka, nenda kanunue. Usiniite tu kuja kuzitazama.