Safu ya Ushauri: Shida za Shabiki wa Mgwashi Kwenye Kongamano la Katuni

Kongamano la katuni ni mkusanyiko ambapo wachoraji, wauza vitabu, wacheza michezo ya video, wapenzi wa filamu na watu waliovaa kama wahusika wa hadithi hukutana chini ya paa moja. Hulipa kiingilio asubuhi, na jioni hutoka wakiwa na mabango mengi na nauli kidogo. Lile la San Diego, Marekani, lilianza mwaka 1970 hotelini kwa watu wapatao 300. Siku hizi hupokea zaidi ya 130,000. La Tokyo liitwalo Comiket lilianza 1975. Barani Afrika Lagos ilipata la kwake mwaka 2012 na Johannesburg mwaka 2018. Kwa mkazi wa Mgwashi, huko juu milimani Usambara, mojawapo ya yaliyo karibu ni lile la Nairobi, NAICCON, lililozaliwa katika miaka ya 2010. Karibu, yaani kwa anayepima kwa rula kwenye ramani.

Shida zilizoletwa na wasomaji wa milimani zimepangwa hapa kwa mwendo wa safari, kuanzia sebuleni kwa baba mpaka kurudi tena sebuleni kwa baba.

Ya kwanza ni ya kijana aliyemaliza kidato cha nne. Baba yake amesikia habari za kongamano na kutoa hukumu: katuni ni za watoto, na mtu mzima anayevuka mpaka kwenda kutazama wanaume waliovaa chupi juu ya suruali apelekwe kwanza kuombewa.

Dawa ya mzee wa namna hii ni kumbukumbu zake mwenyewe. Katika miaka ya 1960 gazeti la Uhuru lilikuwa na vibonzo vya Chakubanga vya Christian Gregory, na wapo wasomaji walioanza gazeti kwa kibonzo kabla ya hotuba ya mkubwa yeyote. Kenya ilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu magazetini kwa miongo kadhaa. Kisha likaja Sani, gazeti la katuni la Saidi Bawji na Niko ye Mbajo, ambalo jina lake limeungwa kwa herufi za mwanzo za majina ya wenyewe. Ndani yake waliishi Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Gazeti hilo lilisomwa kwenye mabasi, kwa vinyozi na chini ya madawati. Kijana anashauriwa asibishane. Amwamkie mzee, amletee chai, kisha aulize kwa upole, kama mtu asiyejua, Lodi Lofa alikuwa nani. Mzee akianza kucheka kabla hajajibu, ruhusa imepatikana. Iliyobaki ni nauli.

Shida ya pili ni ya mavazi, nayo inahitaji nafasi zaidi. Msomaji anataka kushiriki kosiplei, yaani kuvaa na kutenda kama mhusika, lakini duka la karibu linalouza vazi la Spider-Man halipo Soni, wala Lushoto mjini, na fundi cherehani wake anajua kushona sare za shule na magauni ya kipaimara tu. Anauliza pia kama si aibu kwa Msambaa kuiga mambo ya Wajapani.

Neno lenyewe lilitungwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mchezo ni wa zamani zaidi. Mwaka 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi uliofanyika New York, Forrest Ackerman alitokea amevaa vazi la mtu wa karne zijazo lililoshonwa na Myrtle Douglas. Na hata hao walichelewa. Tangu miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa, na baadaye wa Tanga, walicheza ngoma ya beni wakiwa na sare za kijeshi walizojishonea, vyeo vya kujipachika na tarumbeta, kundi moja likishindana na jingine kwa umaridadi. Makundi yaliyoitwa Marini na Arinoti yalikuwa na wafalme na majenerali ambao asubuhi walikuwa makarani na wapagazi. Kwa hiyo mtu wa mkoa wa Tanga anayevaa vazi la mhusika amerudi kwao, hajaiga mtu.

Kuhusu mhusika wa kuchagua, jibu liko mlimani. Superman alitoka mwaka 1938 na Black Panther mwaka 1966, wote wawili na historia ya utotoni ya kuwahuzunisha wasomaji. Mbegha wa Usambara anayo iliyo bora kuliko zote mbili. Alizaliwa Ungulu akiwa kigego, meno ya juu yakitangulia, mtoto ambaye desturi ilimhesabu kuwa nuksi. Akafukuzwa na ndugu zake, akaishi porini na mbwa wake na mikuki yake akiwinda nguruwe. Alipopanda milima ya Usambara akawagawia watu nyama, na watu wakamwomba awaamue kesi zao. Njiani kwenda Vuga akamuua simba usiku, na kuanzia hapo akaitwa Simba, jina la enzi ambalo wafalme wa ukoo wake, Wakilindi, waliendelea kulibeba. Yote hayo yamo katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyochapwa na misheni huko Magila, ng'ambo ya mabonde, sehemu yake ya kwanza ikitoka miaka zaidi ya arobaini kabla ya Superman. Kuna mhusika, kuna asili yake, kuna adui, kuna mbwa. Kinachokosekana ni mchoraji wa kumweka katika kurasa za rangi, na hili ni jambo la kushangaza kidogo.

Tahadhari tatu zinafuata. Ngozi ya simba haivaliwi: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ngozi ya mnyamapori ni nyara ya serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kesi. Yule mwenye wazo la ujanja la kumvalisha Mbegha ngozi ya mbega, kima mweusi mwenye manyoya meupe anayeruka kwenye misitu ya huku, ataambiwa na askari wa mpakani Namanga kwamba mzaha wa maneno si kibali. Blanketi la mtumba lenye manyoya, likipakwa rangi na kukatwa vizuri, hutoa simba wa kutosha, na jasho lake ni lile lile. Pili, mkuki uwe wa boksi na mpini wa mwanzi. Makongamano hukagua silaha mlangoni, na panga la shambani halikubaliwi kwa maelezo kwamba ni la igizo. Tatu, anayetaka kuwa komandoo wa filamu afute wazo hilo. Kombati za jeshi, hata zikitoka kwenye robota la mtumba, haziruhusiwi kwa raia Tanzania wala Kenya, na askari wa kituo cha polisi hawajui Comiket ni nini.

Ya tatu ni ya njia. Kutoka Mgwashi shabiki hushuka Soni, kisha Mombo, na pale barabara kuu hupata basi la kwenda Arusha kupitia Same na Moshi. Kutoka Arusha huenda Namanga, kisha Nairobi. Wakati wa masika, matope ya juu huweza kula siku nzima, hivyo safari ya Machi mpaka Mei iongezewe siku. Mpakani huhitajika pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Kadi ya mashabiki haitambuliki. Vazi lisafiri kwenye begi. Msomaji aliyefika dirisha la uhamiaji akiwa amepaka uso rangi ya kijani alilazimika, kwa maelezo yake mwenyewe, kuuosha uso huo mara mbili ili ufanane na wa kwenye picha.

Ya nne ni ya fedha, na ndiyo inayoliza watu. Msomaji mmoja anasema alikuwa ameishiwa saa sita mchana, na hakuona ametumia nini. Chanzo kinajulikana. Pande zote mbili za mpaka fedha huitwa shilingi, lakini shilingi ya Kenya hununuliwa kwa karibu shilingi 20 za Tanzania. Bango lenye bei ya 500 huonekana bei ya kitumbua, kumbe ni 10,000. Mabango manne, fulana moja, sahani ya chipsi, na Namanga imeanza kuonekana mbali.

Utaratibu unaofaa ni kuzunguka ukumbi mzima mara moja mikono ikiwa mfukoni. Upande mmoja huwa na skrini za michezo ya video na kelele zake, na kwenye jukwaa kuna mazungumzo ya wachoraji na watengeneza filamu. Mahali penye utamu wa kweli, na mara nyingi penye foleni fupi kuliko zote, ni kwenye meza za wachoraji. Meza moja ina kitambaa, kurasa zilizochapwa kwa fedha ya mchoraji mwenyewe, na kopo la kalamu. Mchoraji amejiinamia anachora, kwa kuwa mkono usiofanya kazi hauvuti mteja. Kwanza penseli, nyepesi kama unyoya. Halafu wino, bila kurudi nyuma. Halafu penseli inafutwa na sura inabaki peke yake, kama mtu aliyetoka kwenye ukungu wa asubuhi wa Bumbuli. Anayenunua hapo humlipa aliyechora, mkono kwa mkono. Asiombwe kuchora bure kwa hoja kwamba ni dakika mbili tu. Dakika hizo mbili zilimgharimu miaka kumi.

Hapo pia Kiswahili huwa na mitego yake. Shikamoo kwa mchoraji wa miaka 26 wa Nairobi humfanya atazame nyuma kuona mzee gani ameingia. Naye akisema "nipe mia tano" hajamkosea mtu adabu; ndivyo wanavyosema. Mgeni aendelee na "naomba" yake, huwa inapunguza bei.

Ya tano ni ya elimu. Shabiki mmoja ana hofu kwamba filamu zote anazozijua alizitazama kwenye kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video, kwa sauti ya mtafsiri, kwa mtindo uliopata umaarufu na Lufufu Dar es Salaam na DJ Afro Nairobi. Akisimama kwenye mjadala, atasema nini mbele ya watu waliosoma toleo la kwanza?

Atasema anachokijua. Shule ya kibanda ina istilahi kamili: kuna steringi, yaani mhusika mkuu, kuna adui, na kuna kanuni kwamba steringi hafi hata gari likilipuka naye akiwa ndani. Mjadala wa saa nzima jukwaani kuhusu muundo wa hadithi za mashujaa huishia kwenye kanuni hiyo hiyo, kwa maneno marefu zaidi. Akitaka nyongeza, ataje Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 ya Likarion Wainaina kuhusu msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa. Au Shujaaz, gazeti la katuni la bure lililoanza 2010 na kupata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Kwa hayo mawili ataonekana mwenyeji.

Ya sita ni fupi: aliyevaa vazi hupigwa picha baada ya kuombwa, na haguswi. Ndivyo ilivyo hata kama vazi ni la jini.

Ya mwisho imeletwa na mama wa Mgwashi. Mwanawe alirudi usiku, bila sukari, bila kitenge, akiwa na bomba la karatasi lenye mabango matatu na mkuki wa boksi uliovunjika. Mavuno ya viazi yalikuwa yanamngoja. Anauliza kama hiyo ni akili.

Kwa upande wa sukari, kijana ana hatia. Safari isiyo na zawadi ya nyumbani haitetewi hata na safu hii. Kwa upande wa viazi, avune kesho yake alfajiri, bila kulalamikia kiuno. Kwa upande wa mabango, moja libandikwe sebuleni, mahali baba atakapoliona akinywa chai, na mengine yasubiri.

Barua mpya ziandikwe upande mmoja wa karatasi. Upande wa pili uachwe wazi kwa yeyote atakayemchora Mbegha, na mbwa wake wasisahauliwe.