Asmini Saa Moja Asubuhi

Manukato ya maua meupe ni yale yanayojengwa juu ya harufu ya asmini, maua ya mdanzi, gadenia na tuberosi. Langilangi nalo huhesabiwa humo, ingawa likikomaa huwa la manjano kabisa. Watengenezaji wa manukato hawagombanii rangi pale ukoo unapoonekana dhahiri. Kinachoyaunganisha ni tabia: harufu nzito, tamu, isiyopiga hodi kabla ya kuingia.

Ukali huo una sababu. Maua mengi ya ukoo huu kazi yake ni ya usiku. Asmini hufunguka jioni na kunukia sana gizani, wakati nondo wanapotafuta chakula. Weupe wake huonekana hata pasipo mwezi. Watu wa pwani waliielewa ratiba hiyo zamani. Asmini huchumwa, hutungwa pamoja na rehani na mkadi ikawa kikuba, nacho hubandikwa kifuani au nyweleni kwa ajili ya harusi, au kwa shughuli za chumbani ambazo hazimhusu jirani. Hakuna bibi wa Unguja aliyekwenda kupalilia muhogo na kikuba kifuani.

Chupa ndiyo iliyovuruga ratiba. Mwaka 1948 Germaine Cellier alitengeneza Fracas kwa ajili ya nyumba ya mitindo ya Robert Piguet jijini Paris, manukato mazito ya tuberosi ambayo mpaka leo wenzake hupimwa kwayo. Kwa chupa ya namna hiyo, ua la usiku laweza kuvaliwa saa moja asubuhi, na karibu kila mkosi wa mvaaji chanzo chake ni saa hiyo.

Mkosi wa kwanza hutokea nyumbani, tena kimyakimya. Mvaaji hujipulizia shingoni na kwenye viwiko vya mikono. Baada ya dakika chache hasikii kitu. Manukato hayajaenda popote; pua ndiyo iliyoizoea harufu isiyobadilika na kuacha kutoa taarifa. Yeye hudhani ameuziwa feki (dhana isiyo ya kipuuzi, kwa hali ya soko ilivyo), basi hupuliza tena, kisha mtandioni, kisha hewani ili apite katikati ya wingu kama alivyoona kwenye video. Hutoka akiamini kwamba hanukii. Mtaa mzima una maoni mengine.

Kwenye daladala mambo huwa mazito zaidi. Joto huharakisha mvuke wa manukato, na Dar es Salaam haina upungufu wa joto. Tena asmini halisi ina kitu kiitwacho indoli, ambacho kikiwa kidogo huipa harufu ya ua uhai na kina. Indoli hiyohiyo imo pia katika kinyesi cha binadamu. Mtengenezaji stadi huipima kwa uangalifu, lakini hawezi kupima idadi ya watu ambao konda ataamua kuwabananisha. Gari likikwama kwenye foleni, madirisha ya upande wa jua yakafungwa, abiria huanza kumtazama kwa mashaka mtoto mchanga aliyepakatwa kiti cha mbele, ambaye siku hiyo hana kosa lolote. Mama yake humkagua mara mbili. Mvaaji naye hukunja pua, akalaani wazazi wa siku hizi.

Ofisini harufu hufika kabla ya mwenyewe. Wenzake waliokulia pwani humpa hongera na kuuliza bwana harusi anatoka wapi. Waliokulia bara hufungua madirisha huku kiyoyozi kinafanya kazi. Mzee wa mapokezi humkumbusha kwamba majini hupenda manukato, kwa hiyo asipite chini ya mbuyu magharibi. Huenda yote haya yakaonekana ni ushamba wa kwetu, lakini sivyo. Giorgio, manukato ya maua meupe yaliyotoka Beverly Hills mwaka 1981, yalifikia hatua ya kupigwa marufuku katika baadhi ya mikahawa ya Marekani, na huko hakuna mbuyu.

Jioni kuna wadudu. Wafuga nyuki huonya kwamba mtu asikaribie mizinga akiwa amejipulizia, na mvaaji hukubaliana nao kabisa kwa kuwa hana mpango wa kwenda kwenye mizinga. Husahau kwamba mizinga nayo hutuma wajumbe mjini. Penye mashine ya juisi ya miwa nyuki hujaa, na anayesimama hapo akinukia bustani nzima hukaguliwa kuanzia mtandioni kushuka chini. Muuzaji husema nyuki wake hawana shida. Ni kweli, kwake yeye.

Kuyaondoa manukato haya kunahitaji elimu kidogo. Maji matupu hayasaidii, maana harufu hukaa katika mafuta. Njia nafuu ni kupaka mafuta ya nazi mahali palipopuliziwa, kuyafuta kwa kitambaa, kisha kuosha kwa sabuni. Ngozi hukubali, kitambaa hukataa. Mtandio hufuliwa, huanikwa juani, na bado hunukia, na ukirudishwa kabatini huambukiza kila kilichomo, zikiwemo fulana za mume. Huyo naye, asiyejua lolote, huvaa moja na kwenda barazani kunywa kahawa. Wenzake husogea, hunusa, hutazamana, kisha mmoja humuuliza kwa upole mke wa pili amemweka mtaa gani.