Cheki, Lakini Sicheki

Maneno ya Kiingereza yamejaa mjini na mengi yao hayanisumbui. Baiskeli sina ugomvi nayo, wala soksi, wala kabati. Linalonikaba koo ni moja tu: check. Sisi tumelivalisha irabu tukaliita cheki, nalo likahamia kwetu na ukoo wake wote, wake kwa waume, bila kuulizwa linakaa mpaka lini.

Nyumbani natakiwa nikacheki presha. Fundi gari anasema ngoja aicheki injini, na akishaicheki inakuwa na ugonjwa ambao haikuja nao. Barabarani askari ananipungia mkono: “Shikamoo mzee, tucheki leseni.” Kijana wa jirani ananiambia nicheki viatu vyake. Harusini fundi wa spika anapiga kelele “cheki, cheki, moja mbili”, tena na tena, na sijawahi kumsikia akifika tatu. Na kila ninayemdai ana jibu lilelile: “Kaka, nitakucheki.”

Hili la mwisho ni kwaheri iliyovaa suti. Wamarekani nao wana la kufanana nalo. Huko katika viwanja vyao vya besiboli, miaka ya 1880, mvua ikivunja mchezo mtazamaji alibaki na kipande cha tiketi cha kumruhusu kurudi siku nyingine, wakakiita check ya mvua. Siku hizi wanakitaja mtu akikataa mwaliko kwa adabu: si leo, labda siku nyingine. Tofauti ni kwamba wao walau walikuwa na kipande cha karatasi mkononi. Mimi nina sauti ya simu iliyokatwa.

Ubaya zaidi ni kwamba lugha yetu ilikuwa na kucheka kabla Waingereza hawajaja na kucheki. Mtu akiniuliza “Mbona hucheki?” sijui ananilaumu kwa kununa au kwa kutompigia simu. Nikimjibu “Sicheki”, nimejibu yote mawili, na yote mawili ni kweli.

Basi nikaamua kuutafuta mzizi wa adui yangu. Nilitarajia kumkuta ofisini London, ana mhuri na miwani. Nikamkuta Uajemi, amevaa taji. Check ni shah, yaani mfalme. Katika sataranji, mchezaji akimweka mfalme wa mwenzake hatarini alitamka “Shah!”, ndiyo kusema mwangalie mfalme wako, yuko matatani. Waarabu wakalipokea, likasafiri hadi Ulaya, Wafaransa wa kale wakalitamka eschec, Waingereza wakalitafuna kidogo likabaki check. Hata chess, jina la mchezo wenyewe, ni wingi wa neno hilohilo: Mwingereza akisema anacheza chess, kwa asili anasema anacheza wafalme.

Kutoka kwenye ubao neno likaanza kuzurura. Kwanza lilikuwa tishio kwa mfalme. Kisha likawa tishio lolote linalomfanya mtu asimame ghafla. Kisha kizuizi. Kisha kumdhibiti mtu asivuke mpaka. Mwisho likawa kumkagua kama kweli hajavuka. Ukilitazama hivyo, yule askari wa barabarani hajakosea hata kidogo: ananisimamisha, ananizuia na ananikagua, maana zote kwa mkono mmoja. Ndiye msemaji bora wa Kiingereza ninayemfahamu.

Na ule mwisho wa mchezo, shah mat? Wengi husema maana yake ni mfalme amekufa, kwa Kiarabu, na sisi wenye maiti na mauti katika lugha yetu tunaitikia haraka kwamba ndiyo. Lakini wajuzi wa Kiajemi wanasema mat hapo ni kuachwa hoi, kukosa pa kwenda. Nakubaliana nao. Mfalme wa sataranji hauawi wala haondolewi ubaoni. Anabaki palepale ameduwaa, kama mtu aliyefika kaunta ya benki saa kumi kasoro dakika moja.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Neno hili tulikuwa nalo! Shah alishatufikia kwa njia ya bahari, bila kupitia kwa Mfaransa wala Mwingereza, nasi tukamwita shaha, tukampa heshima yake: katika Kiswahili shaha ni mfalme, na washairi wetu humwita shaha yule aliye bingwa wao. Kumbe mwenzake alikuwa amekata njia ndefu, akapita Ufaransa akaacha taji, akapita Uingereza akaajiriwa serikalini, akatua hapa kwa jina la cheki na kuanza kutuomba leseni. Mtu mmoja kapokelewa mara mbili katika nyumba moja: kwanza mgeni wa heshima, mara ya pili mgambo.

Kuajiriwa serikalini sikutanii. Karne ya 12, wafalme wa Uingereza walikuwa na meza ya kuhesabia mapato, futi 10 kwa 5, imetandikwa kitambaa chenye mistari ya mraba mraba. Hesabu kwa tarakimu za Kirumi ni adhabu, hivyo walisogeza vihesabio juu ya kitambaa, safu hii ya peni, hii ya shilingi, hii ya pauni. Meza ikafanana na ubao wa sataranji, ikaitwa kwa jina la ubao, na jina likaenea hadi kwa idara nzima: Exchequer. Waziri wa Fedha wa Uingereza mpaka leo ni Chancellor of the Exchequer, yaani, ukilitafsiri jina kwa uchokozi, mkuu wa kitambaa cha mezani. Nairobi nako jina halijafa. Magavana wanapolia kwamba fedha za kaunti zimechelewa, magazeti ya Kiingereza huandika kuwa exchequer haijatoa.

Mweka hazina wa mfalme, Richard FitzNeal, aliandika kitabu kizima kueleza jinsi meza ile ilivyofanya kazi. Anasema jina halikutokana na sura ya meza tu. Pale palikuwa na vita kama vya sataranji: upande huu mweka hazina, upande ule sherifu aliyekusanya kodi mkoani na sasa ametakiwa atoe hesabu. Wengine wote wamekaa kama waamuzi. Nilisoma hapo nikahisi jasho la yule sherifu. Nami nimewahi kukalia kiti cha upande ule, nikiwa na risiti ya teksi isiyosomeka.

Risiti zao zilikuwa vijiti. Walichonga alama za kiasi cha deni, wakapasua kijiti katikati, kila upande ukachukua nusu yake. Siku ya kukutana nusu hazioani, kuna mwizi. Mtindo huo ulidumu mpaka karne ya 19, na ulipokomeshwa ukaacha marundo ya vijiti visivyo na kazi. Mwaka 1834 ikaamriwa vichomwe katika majiko yaliyo chini ya Bunge la Malodi. Moto ukapanda, na usiku wa tarehe 16 Oktoba karibu jumba lote la Bunge la Uingereza likateketea. Ninakiri nilifurahi kupita ilivyo adabu. Wahasibu walipoamua kusafisha kabati, nchi ilibaki haina Bunge!

Kwenye pesa ndipo ulipo ugomvi wangu hasa. Karne ya 18 benki ziliita check kile kipande kinachobaki kitabuni, cha kumbana mwenye kutaka kughushi. Baadaye jina likahama kutoka kipande kilichobaki hadi karatasi iliyokatwa. Waingereza, wakiwaza Exchequer yao, wakaipamba tahajia ikawa cheque. Wamarekani wakaacha check, na mgahawani wakaliita hivyohivyo lile karatasi la kudai bei ya chakula. Neno moja, huku unalipwa, kule unalipa.

Sisi tulikuwa na hundi, tuliyoipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakitumiana pesa kwa karatasi kuvuka bahari hii. Ni neno fupi, safi, na hata lina jina la tusi tayari: ikikosa fedha nyuma yake tunaiita hundi hewa. Lakini ingia ofisini leo useme “Nimekuja kuchukua hundi yangu” uone watakavyokutazama. Sema cheki, utaonyeshwa kiti. Hutalipwa, lakini utaonyeshwa kiti.

Hata nguo imeingia katika kesi hii. Shati la mraba mraba Mwingereza analiita la check, kwa ajili ya ubao uleule. Fundi cherehani wangu analiita shati la drafti. Nikadhani hapa tumejikomboa, kumbe tumehama jela. Drafti ni draughts, mchezo ambao vijana wa kijiweni huucheza kwa vizibo vya soda, na jina lake Waingereza walilitoa kwenye kuvuta, kwa sababu ya kuvuta kete. Wamarekani nao mchezo huohuo wanauita checkers. Huwezi kulikimbia neno hili. Ukitoka mlango wa mbele linakungoja uani limevaa shati.

Nilifanya kazi ya kuhariri kwa ofisi moja hapa mjini. Kurasa ni zao, hoja ni zao, makosa ya Kiswahili tu ndiyo niliyoyatoa. Nikaenda kudai. Dada wa uhasibu akanipokea kwa upole: “Karibu baba. Cheki yako ipo, inangoja saini.” Nikamuuliza ya nani. “Ya mkurugenzi, lakini lazima ichekiwe na mkaguzi kwanza.” Nikamwambia Waingereza walitangaza mwaka 2009 kwamba watazifuta hundi ifikapo 2018, na mwaka 2011 wakaghairi, maana wazee walikuwa bado wanazitegemea. Akacheka sana. Akasema wao wameshazifuta tangu mwezi jana, sasa wanalipa kwa simu.

Nikampa namba palepale, nikasimama nasubiri mlio. Akaniambia niende tu nyumbani, baba, kwa sababu kabla ya kutuma ni lazima wacheki kama jina lililosajiliwa ni langu.

Bado wanacheki.