Kwa Mjomba, Mjambere: Kuhusu Uvumi wa Urubani Wangu

Leicester, Uingereza

Mheshimiwa Mjomba, nakuarifu kuwa mimi ni buheri wa afya, isipokuwa baridi, ambayo nimekwisha kuacha kuilalamikia kwa kuwa hapana kadhi wa kuipokea kesi hiyo.

Nimepata habari kwa mama kwamba barua yangu iliyopita, ambamo nilitaja mwishoni kabisa kuwa siku za Jumapili najifunza kurusha helikopta ya kuchezea, ilisomwa barazani kwa sauti na mwanao wa kwanza, ambaye, bila ya kukusudia kumvunjia heshima mbele yako, ana tabia ya kuyaruka maneno yasiyompendeza. Na kwamba kabla ya sala ya isha habari zilikuwa zimekwisha kupita Mlaleo na Bombolulu na kuvuka daraja la Nyali, kuwa kijana wa Mjambere amekuwa rubani wa Mfalme wa Uingereza. Naarifiwa kuwa maulidi yalisomwa, na mbuzi akachinjwa. Kwa hivyo nimeona ni wajibu wangu kuieleza kadhia hii tangu mwanzo wake.

Helikopta yenyewe ina urefu kama wa dhiraa moja na nusu, na uzito wake haufiki kilo moja, hata abiria pekee awezaye kuipanda ni nzi, naye kwa hiari yake mwenyewe. Huendeshwa kutoka ardhini kwa rimoti ishikwayo kwa mikono miwili. Na ikiwa pana elimu yoyote niliyoipata katika nchi hii, basi imo katika rimoti hiyo, wala si angani.

Mwalimu wangu ni mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Makadara, aliyeihama Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1968 pamoja na maelfu ya wenziwe waliokuwa wakiwahi kuingia Uingereza kabla Bunge la huku halijaufunga mlango kwa sheria ya mwezi wa Machi mwaka ule. Tulijuana Belgrave Road, katika foleni ya duka liuzalo muhogo, nilipokuwa nikinung'unikia bei kwa Kiswahili, naye, bila kugeuka, akanijibu kwa Kiswahili cha kale hata nikadhani nimeitwa na marehemu babu. Hajui M-Pesa ni kitu gani, walakini anakumbuka kila duka lililokuwa Biashara Street, na ndicho Kiswahili hicho anachonifundishia, na kunikaripia.

Kwa mujibu wa mzee huyu, sisi wa leo tumedekezwa. Alipoanza yeye mchezo huu, karibu na zama zile Mjerumani Dieter Schlüter alipoirusha helikopta yake aina ya HueyCobra kwa karibu nusu saa mwaka 1970, hapakuwa na kompyuta ndani ya rimoti, na kila kosa la chombo lilisahihishwa kwa vidole vya mtu, aghalabu baada ya kuchelewa. Tena kila rimoti ilikuwa na fuwele yake yenye kuichagulia mawimbi, ambayo huku yalikuja kuwa ya megahezi 35, na kabla ya kuiwasha ilikulazimu kwanza kuchukua ubaoni kibanio cha nguo chenye nambari ya mawimbi yako, kwani wawili wakiwasha juu ya nambari moja, ndege ya mmoja wao huanguka. Tangu katikati ya miaka ya 2000 yamekuja mawimbi ya gigahezi 2.4, ambamo rimoti na kipokezi chake hujuana kwanza na kisha havisikilizi jirani; lakini mzee angali na marafiki wawili ambao hawajasalimiana hadi leo kwa ajili ya kibanio cha nguo.

Siku ya kuipanga rimoti, alianza kwa kuchomoa waya za mota, akanionyesha kovu lililo kidoleni mwake, wala hakulieleza.

Chini ya mapanga pana sahani ndogo ya chuma, nayo imeshikwa na mota ndogo tatu ziitwazo servo, zilizoachana kwa nyuzi 120, mfano wa watu watatu waliobeba sinia la pilau la arusi: wakiinua wote pamoja, sinia lapanda, mapanga yaongeza mwinamo, na helikopta yainuka; wa mbele akishusha na wenziwe wakainua, sinia lainama na chombo chaenda mbele. Kazi ya rimoti ni kuwaamuru watatu hao kwa mara moja, kila mmoja kwa kadiri yake, na kazi ya mwenye kuipanga ni kuhakikisha kuwa hapana kati yao aliyeifahamu amri kinyume. Nilisukuma kijiti cha kushoto. Wawili wakashusha, wa tatu akainua, na lau lingalikuwa pilau kweli lingalimwagikia bwana arusi. Nikaenda kwenye ukurasa wa kugeuza servo, nikamgeuza yule mkaidi, na sasa wakakubaliana wote watatu, ila wamekubaliana kushuka ninapowaambia wapande. Hapa, asema mzee, ndipo wanafunzi hupotea, kwani mtu kwa ghadhabu zake huwageuza wote mmoja mmoja, akafurahi kuona sahani yapanda, kisha akagundua kuwa kulia kumekuwa kushoto na mbele kumekuwa nyuma. Ilhali dawa iko ukurasa mwingine kabisa, nayo ni kubadili alama ya kujumlisha iwe ya kutoa katika hesabu ya mwinamo, basi, bila ya kumgusa servo hata mmoja.

Kisha kuna mistari miwili ichorwayo kiooni, mmoja wa nguvu ya mota na mmoja wa mwinamo wa mapanga, kila mmoja na nukta zake tano. Kwa mwanafunzi kama mimi, mstari wa nguvu huanza 0 na kupanda pamoja na kijiti. Kwa mahiri, iko swichi iifanyayo mota iende mbio hata kijiti kikiwa chini kabisa, kwani wao hupenda kuruka miguu juu, mapanga yakisukuma upande wa pili. Ndiyo maana rimoti ikiwashwa na swichi hiyo imesahauliwa mahali pake, hupiga kelele na kukataa kazi mpaka irudishwe. Nimetamani matatu za Kisauni zifundishwe adabu hiyo.

Mkia nao una jairo, kifaa cha kuutuliza, na kulijaribu ni rahisi: uusukume mkia kwa mkono upande mmoja, nalo sharti lisukume upande wa pili. Likifahamu kinyume, litaliongeza kosa badala ya kulipunguza, na helikopta itazunguka papo hapo mpaka ivunjike.

Kurusha kwenyewe nitakueleza kwa ufupi, kwa kuwa ni kufupi. Chini ya miguu ya chombo tulifunga fimbo ndefu zenye mipira nchani kisipinduke, nami nimefika kimo cha goti, mkia ukinielekea, mbele ya wazee wa Kiingereza wenye vikombe vya chai na kondoo ambao hawainui tena vichwa. Hata kimo hicho hakikuja bila ya serikali: nilifanya mtihani, nikapewa nambari ya kubandika ubavuni mwa chombo, na nimekatazwa kupita mita 120, katazo ambalo sijapata nafasi ya kulivunja.

Juu ya ombi lako kwamba niilete nyumbani watoto waione, hilo si jambo la kutia begini tu, maana kanuni za Kenya za mwaka 2020 za vyombo virukavyo bila rubani zataka ruhusa ya mamlaka ya safari za anga, na kiwanja cha ndege cha Moi hakiko mbali nanyi.

Yamebaki mambo madogo. Arbuni ambazo mwanao amezipokea kwa watu wa Utange watakao kupelekwa Lamu kwa ajili ya Maulidi, kwa hoja kuwa njia ya Garsen yachosha, tafadhali zirejeshwe zote; na asiyetaka kurejeshewa, kwa vile amekwisha kuwatangazia majirani, aambiwe kuwa basi la asubuhi lingalipo. Ule mwembe wa nyuma ya nyumba usikatwe kunipisha nitue. Na mama usimwambie neno. Nitamwandikia mwenyewe, nikipata ujasiri.

Wasalaam,
Mpwa wako