Meli Iko Wapi Leo?

Mwanzoni mwa Januari 2025, mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa Mombasa ambaye ameishi Leicester miaka mingi kuliko aliyoishi kwao, alipanda meli bandari ya Southampton pamoja na mkewe kwenda kuzunguka dunia. Walikuwa wamedunduliza muda mrefu. Watoto wana nyumba zao, deni la nyumba limekwisha, na magoti bado yanakubali ngazi. Kabla ya kuondoka wakafungua kundi la WhatsApp, wakaliita "Safari Njema", wakawatia ndugu wa Mombasa, Muscat na Toronto, pamoja na jirani wa Leicester aliyeachiwa ufunguo amwagilie maua. Nia yao ilikuwa kuwaondolea watu wasiwasi.

Wakafanikiwa kuutandaza wasiwasi huo katika mabara manne.

Amiri jeshi wa kundi alikuwa dada mkubwa wa mwalimu, mkaazi wa Mombasa, ambaye ukoo mzima humwita Shangazi, hata wale ambao kwa haki wangemwita jina jingine. Safari yake ndefu kuliko zote za majini ni ya feri ya Likoni, na hata hiyo huivuka akiwa amefumba macho. Mwanawe, kijana mwenye simu nzuri na muda mwingi, alimwekea programu ya kufuatilia meli. Ukigusa alama ndogo juu ya ramani, unaona jina la chombo, kasi yake na kinakoelekea. Shangazi alivaa miwani, akaitazama ile alama ikitambaa kutoka Uingereza, na tangu hapo simu haikurudi kwa mwenyewe.

Programu hizi zinategemea kifaa ambacho kanuni za kimataifa zilizilazimisha meli za abiria kuwa nacho kufikia mwisho wa 2004. Kifaa hutangaza kwa redio mahali meli ilipo ili vyombo visigongane. Hakuna aliyewafikiria akina Shangazi. Mawimbi ya redio hiyo hayaendi mbali. Mtambo ulioko pwani huyanasa umbali wa maili za baharini arobaini hivi, na zaidi ya hapo inahitajika setilaiti. Taarifa za setilaiti, kwenye programu nyingi, ni za kulipia. Kijana hakulipia, na wala hakumweleza mamake kuwa hakulipia.

Kwa hiyo meli ilipoiacha Madeira na kuikabili Atlantiki, alama ilisimama katikati ya maji. Ilisimama asubuhi, ikasimama adhuhuri, ikasimama magharibi. "Meli haisimami baharini bila sababu," Shangazi alitangaza kwa ujumbe wa sauti. Muscat wakaanza kusoma Yasin. Toronto wakatafuta namba ya ubalozi, bila kujua ni ubalozi wa nchi gani unaohusika na bahari. Jirani wa Leicester, asiyejua Kiswahili, aliona tu jumbe zinamiminika, akaenda kumwagilia maua mara ya pili.

Jibu la mwalimu lilifika usiku: "Sisi wazima. Tulikuwa darasani. Tunafunzwa kucheza salsa." Hofu ya kuzama ikaisha hapo hapo. Ikaanza nyingine, ya kwamba wifi, katika umri ule, amemfundisha nini mdogo wake.

Ukweli ni kwamba anayebaki nyumbani husafiri kwa taabu zaidi. Aliyemo melini anajua kuwa leo kuna supu ya kamba. Aliye nyumbani hajui habari ya supu, ila anajua kasi ya upepo, urefu wa mawimbi na kimbunga kilichozaliwa maelfu ya kilomita kutoka hapo. Hubeba mambo ambayo hata nahodha ameyaacha kwa msaidizi wake.

Halafu ikaja Panama. Mfereji ule ulifunguliwa mwaka 1914, na mamlaka yake imeweka kamera ambazo mtu yeyote anaweza kuzitazama kwa intaneti, zikionyesha meli zinavyopandishwa na kushushwa kwenye malango ya maji. Wenye ndugu melini wamezigeuza kamera hizo kuwa baraza la kupungiana mikono. Mwalimu aliandika: "Tutapita kwenye kamera za Miraflores saa 9. Mke wangu atapunga leso nyekundu."

Saa tisa ya mwalimu ilikuwa ya Kiswahili, yaani alasiri. Wajukuu wa Toronto, ambao saa zao na za Panama zinalingana msimu huo, waliisoma kwa saa yao ya shule wakafungua kamera asubuhi. Wakaona chombo kikubwa kinapita, wakakipungia mikono, wakapiga picha na kuituma kundini kwa shangwe. Shangazi aliitazama kwa makini. "Mbona haina madirisha?" Kumbe ilikuwa meli ya kubebea magari. Wajukuu walikuwa wameusalimia kwa heshima zote mzigo wa magari yasiyo na dereva.

Alasiri ya kule ni saa tano usiku Mombasa. Watu walijikusanya sebuleni kwa Shangazi, kahawa ikapikwa, watoto wakaruhusiwa kukesha. Kijana ndiye aliyeharibu utulivu. Alichungulia ramani akasema meli inarudi ilikotoka. Imetoka Karibi, inakwenda Pasifiki, basi ingekwenda magharibi; mbona inaelekea mashariki? Ugomvi ukazuka hadi mtu mmoja alipopanua ramani. Nchi ya Panama imejipinda, na mlango wa mfereji upande wa Pasifiki uko mashariki kuliko ule wa Atlantiki. Meli ilikuwa sawasawa. Maelezo kwamba asubuhi hiyo ilikuwa imepandishwa mita 26 juu ya usawa wa bahari, ikavuka ziwa la Gatun na sasa inateremka, Shangazi aliyakataa. Meli haipandi mlima.

Hatimaye ikatokea, ndefu, nyeupe, watu wamejipanga sitahani kama mchwa. Ikaonekana nukta nyekundu. Sebule nzima ikasimama, vilemba na mitandio ikapungwa mbele ya runinga, Shangazi akalia. Kesho yake mwalimu akaomba radhi: walikuwa wamesimama upande mwingine wa meli, wakiupungia leso ukuta wa zege. Nukta nyekundu, baada ya picha kukuzwa, ilikuwa boya la kuokolea.

Wala si ukoo huu peke yake. Meli ya Serenade of the Seas ilipoondoka Miami tarehe 10 Desemba 2023 kwa safari ya siku 274, watu wasiomjua abiria hata mmoja waliifuatilia TikTok kama tamthilia. Wakatengeneza karata za bingo za ubashiri: nani atagombana, nani ataoana, nani atashuka njiani. Mwaka 2020 mambo yalipinduka kabisa. MSC Magnifica iliondoka Italia Januari, kabla dunia haijaijua korona vizuri, na iliposhusha watu wake Marseille tarehe 20 Aprili, abiria walikuwa na wiki kadhaa hawajakanyaga ardhi. Ndugu waliozoea kuuliza "mko wapi?" walikuwa wamefungiwa ndani, na walioko baharini ndio waliokuwa wakiwapigia kuwauliza hali.

Baada ya Honolulu meli ilivuka Mstari wa Tarehe wa Kimataifa, na siku moja ikafutwa. Ikawa ndiyo siku ya kuzaliwa ya mke wa mwalimu. Salamu za heri zilimiminika kundini. Mwenyewe alizipokea kwa tarehe ambayo kwake haikutokea. Kijana akaeleza kuwa Samoa, nchi nzima, iliwahi kufanya hivyo: mwishoni mwa 2011 ilihamia upande wa pili wa mstari, watu wakalala Alhamisi tarehe 29 Desemba wakaamka Jumamosi tarehe 31.

"Na swala ya Ijumaa?" akauliza Shangazi. Kundi lilikaa kimya mpaka asubuhi.

Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, meli ikiwa Australia. Sydney wakati huo iko mbele ya Mombasa kwa saa nane, hivyo chakula cha jioni cha meli, kamba wakubwa na keki za ghorofa tatu, kilifika kundini kwa picha saa tano asubuhi, watu wamefunga na jua linawaka. Mwalimu alijitetea kuwa msafiri ameruhusiwa kula. "Kula ameruhusiwa," Shangazi akajibu. "Kupiga picha hakuruhusiwa."

Lililomvunja moyo hasa ni njia ya kurudi. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi zimeukwepa mfereji wa Suez na kuzungukia kusini mwa Afrika. Shangazi aliposikia "inapitia Afrika" alisikia Mombasa. Kilindini si kuna gati la meli za watalii? Achari ikatiwa kwenye machupa, mabuyu yakafungwa, kitanda kikatandikwa. Mwalimu ikabidi atume ramani: kutoka Port Louis, Morisi, wanakata moja kwa moja hadi Durban. Mombasa iko zaidi ya kilomita 2,500 kutoka Port Louis. Shangazi alipima kwa kidole. "Ni hapa na hapa. Mwambie nahodha akate kona."

Nahodha hakuambiwa. Badala yake Shangazi alijipa kazi ya kuchunga muda. Binamu wa Muscat alikuwa amemsimulia kisa cha Machi 2024, cha abiria wanane wa Norwegian Dawn waliochelewa kurudi kutoka matembezini Sao Tome, wakaachwa. Waliifuata meli hadi Gambia, ikashindwa kutia nanga kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa, wakaipata Dakar. Tangu asikie hayo, kila bandari, saa moja kabla ya meli kung'oa nanga, simu ya mwalimu ililia. "Mko ndani?" Durban walikuwa ndani tangu mchana, mmoja yuko bafuni. Cape Town walikuwa ndani wamelala. Walvis Bay alikosea hesabu ya masaa, akawaamsha alfajiri kuwauliza kama wamerudi, ilhali hawajashuka bado.

Walifika Southampton mwezi wa nne wakiwa wamenenepa. Wiki iliyofuata waliitisha simu ya video ya ukoo wote waonyeshe picha na kusimulia. Ikawa balaa. "Hapa tumeingia Auckland asubuhi," mwalimu akaanza. "Adhuhuri," kijana akamrekebisha. "Bahari ilikuwa shwari." "Mawimbi yalikuwa mita tatu," ikatoka sauti Muscat. Kila alichotaka kusimulia, wasikilizaji walikuwa wamekwisha kukipitia, tena kwa tarakimu. Mwisho akawaelezea salsa, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho hakikutokea kwenye ramani, na Shangazi akasema picha hizo zirukwe.

Programu haikuondolewa kwenye simu. Majuzi jirani yake, aliyeagiza gari kutoka Japani, alikuwa barazani akilalamika kuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini hapokei simu wala hajui meli iko wapi. Shangazi alivaa miwani.

"Jina la meli?"

Jirani akamtajia.

"Iko nje, imetia nanga tangu jana magharibi. Haina madirisha, usitishike. Huyo wakala wako, nipe namba yake mimi."