Nilishailaiki, Babu

Ukitaka kujua nani amefariki hapa mtaani Nyakabanda, muulize mzee mwenye redio. Ukitaka kujua nani kaachana na nani, muulize mjukuu wake mwenye simu.

Mzee husikiliza matangazo ya vifo ya Radio Rwanda hadi tamati, na orodha nzima ya wakwe na mashemeji, hata kama marehemu hamjui. Mjukuu akifungua tovuti ya habari ya IGIHE huishia kwenye kichwa cha habari, kisha hushuka mbio hadi kwenye maoni kumkosoa mwandishi kwa habari ambayo yeye hajaisoma.

Tusimlaumu bure. Akihamia YouTube, video imepewa jina "MACHOZI! UKWELI WOTE HADHARANI". Ina dakika 40. Ukweli wenyewe umewekwa dakika ya 38, na bando limekata dakika ya 12. Anayefaidi ni Mnyarwanda wa Brussels mwenye intaneti isiyokata, ambaye siku hizi anajua fununu za Nyakabanda kuliko sisi tunaochangia ukuta na wahusika.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, huwakutanisha wote wawili mtaroni, mmoja na jembe, mwingine na simu iliyoegemea jembe.

"Mjukuu wangu, umesikia habari ya barabara yetu?"

"Babu, hiyo nilishailaiki tangu jana."

"Enhe, wanasemaje?"

"Sasa babu, nani alikwambia nimeisoma?"